Vumbi Lililosingiziwa

Karibu na ninapokaa sasa, hapa Iringa mjini, kuna karakana ya seremala. Kila anapowasha randa ya umeme, harufu ya paini mbichi inaingia mpaka sebuleni kwangu. Wageni huivuta na kusema, "Harufu nzuri hii!" Mimi hufunga dirisha. Si harufu mbaya, nakiri, ina utamu wa utomvu na mvua. Lakini ikinifikia, hasira ya mtoto wa darasa la tano hunipanda upya na chai hainishuki.

Nililelewa Mafinga, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye uzio wa mabanzi. Baba alifanya kazi kwenye dingidongi, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao inayohamishwa kuyafuata magogo msituni. Msimamizi wake alikuwa baba mkubwa, kaka yake wa tumbo moja, mtu wa kicheko kilichosikika kabla hajafika. Jioni walirudi wote wawili wakiwa wa njano kwa vumbi la mbao kuanzia nyusi hadi viatu, na sisi watoto tuliwacheka. Baba alikung'uta kofia mlangoni, akakohoa, ndipo akaingia ndani.

Kukohoa hakukuwa habari mtaani kwetu. Kila aliyeishi kwa mbao alikohoa, na dawa yake ilijulikana: maziwa. Kila Jumamosi tajiri wa mashine alileta dumu zima, vibarua wakapanga foleni na vikombe vyao, wakayanywa wamesimama ili yakasafishe kifua, vumbi literemke tumboni na kutoka kwa njia ya kawaida. Watu wazima wenye ndevu zao, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza maziwa yanapitia wapi kufika kwenye mapafu! Mimi nami sikuuliza, kwa sababu baba aliniletea mafunda mawili chini ya kikombe, na mafunda mawili ya maziwa humnyamazisha mtoto yeyote.

Kikohozi cha baba kilianza na mvua za kwanza. Mahindi yalipobeba, kilikuwa bado kipo. Mkanda wake alikuwa ameutoboa tundu jipya kwa msumari, kisha la pili. Jioni alikaa karibu na jiko la maranda akitetemeka kwa homa ambayo asubuhi haikuwepo. Na kila asubuhi mama alianika shuka lile lile uani, limelowa chapachapa. Mimi, kwa akili zangu, niliamua kwamba baba anakojoa kitandani. Nilimwonea huruma sana. Sikumwambia mtu, hata rafiki yangu wa dawati, na nilijivuna kwa kumtunzia baba siri yake.

Kisha mwalimu wa sayansi akatuandikia ubaoni dalili za kifua kikuu. Kikohozi kinachozidi wiki mbili. Homa za jioni. Jasho jingi usiku. Kukonda. Kukohoa damu. Nilinakili mpaka nikafika kwenye jasho, mkono ukasimama. Mwalimu alikuwa anaielezea nyumba yetu na hajawahi kufika kwetu. Nilirudi mbio, nikamkuta mama anapepeta maharage, nikamfungulia daftari. Alilitazama kwa muda mrefu kuliko mtu asiyejua alichokisoma.

"Hayo ni ya mtihani," alisema. "Yaache huko huko shuleni. Na usimwambie mtu."

Nikayaacha. Nilikuwa mtoto mtiifu, na utii ule unaniudhi mpaka leo.

Hazikupita wiki nyingi, mdogo wangu Tumaini, wa miaka miwili, akaanza kukohoa. Alikuwa kitinda mimba, analala kifuani kwa baba kila jioni. Alikuwa akiwakimbiza kuku mpaka tunamkemea, sasa akawa anawatazama tu amekaa mlangoni. Nilipombeba mgongoni nilihisi wepesi wake. Mama alisema ni meno.

Jumapili moja baada ya ibada baba mkubwa alikuja kututembelea na dumu lake la ulanzi, pombe ya mianzi. "Kamwene!" alipiga kelele tangu barabarani, tukamwitikia salamu yake. Walikaa ndani, dirisha limefungwa, maana baridi ya Mafinga haina adabu. Baba alikohoa mpaka akashika ukuta. Baba mkubwa naye akakohoa, akacheka, akafuta mdomo.

"Vumbi hilo, mdogo wangu. Paini la mwaka huu ni kali. Ongeza maziwa, usiwe bahili."

Hapo Tumaini, kwenye mapaja ya baba, akakohoa kikohozi kile kile, kikavu, cha mtu mzima. Nami maneno yakanitoka.

"Baba mkubwa, Tumaini hajawahi kwenda mashineni. Yeye anakohoa vumbi gani?"

Kofi la baba mkubwa lilinifika kabla sijafunga mdomo. "Mwana gani huyu! Unamtakia baba yako ugonjwa? Nani amekufundisha?" Baba aliinamia kikombe chake. Nililia nyuma ya nyumba, si kwa maumivu, bali kwa sababu nilikuwa nimeuliza swali la kweli na hakuna aliyelijibu. Tangu lini mkono ukawa jibu?

Lakini mama alikuwa amelisikia. Kesho yake alimfunga Tumaini mgongoni, akanishika mkono, tukaenda zahanati. Baba alitufuata hatua ishirini nyuma, kana kwamba anakwenda zake.

Nesi alikuwa mama wa makamo mwenye maswali mafupi. Walichukua makohozi ya baba, tukarudi kwa majibu. Ilikuwa kifua kikuu. Dawa ni bure, nesi alisema, miezi sita bila kuruka siku, na mtu hupona kabisa. Tumaini naye alikutwa nacho, akaanzishiwa vidonge vyake. Mimi nilipewa vya kunikinga. Akatuambia tufungue madirisha, hata kama baridi inauma. Mwisho alivuta daftari kubwa, akashika kalamu.

"Mbali na nyumbani, huko kazini nani mwingine anakohoa?"

"Hakuna," alisema baba.

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, sista."

Nilikuwa kwenye benchi, nikichezesha miguu. Nilisikia, na niliamini. Wenzake si walikuwa na vumbi tu?

Vidonge baba alivificha kwenye kopo la misumari. Walioona akimeza aliwaambia ni vya vidonda vya tumbo. Baada ya miezi miwili mkanda ulirudi tundu moja, na Tumaini aliwarudia kuku kwa kisasi. Baba mkubwa alikuja akamtazama mdogo wake alivyonawiri, akampiga begani, akasema, "Umeona? Si nilikwambia maziwa!"

"Ni kweli, kaka," alijibu baba.

Baba mkubwa alikwenda mashineni mwaka mwingine mzima. Aliisha kidogo kidogo, kicheko kikapungua mpaka tukawa hatujui kama amefika. Siku ya mazishi walisoma wasifu wake: marehemu alisumbuliwa na kifua kwa sababu ya vumbi la kazi. Umati ukatikisa vichwa. Baba alitikisa kichwa pamoja nao, akachota udongo, akautupa kaburini.

Sikuelewa siku ile. Nilielewa nikiwa na watoto wangu, nilipompeleka mmoja wao hospitali na kikohozi, na nesi kijana akaniuliza swali lile lile kuhusu watu wanaotuzunguka. Nilianza kutaja majina, na katikati nikamkumbuka baba pale zahanati. Baba alijua kaka yake anaumwa nini. Alikaa mbele ya kalamu iliyoshikwa tayari, dawa ni bure, na jina la kaka yake alilimeza. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Uongo mtupu! Aliyeficha ni mmoja, aliyekufa ni mwingine.

Mwaka jana nilimwuliza. Sasa ni mzee, amelima parachichi, mapafu yake mazima.

"Ningemtaja, angejua nami ninacho," alisema. "Watu wangesema ni ule mwingine, ukimwi. Ningefukuzwa kazi, mngekula nini?"

"Na baba mkubwa, baba?"

Aliinama kung'oa gugu chini ya mparachichi. "Kaka hakuniuliza."

Nilinyanyuka, nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo sijawahi kumfanyia. Ninampenda, na nilikula ugali wa kazi ile aliyoogopa kuipoteza. Lakini baba mkubwa aliacha watoto watano, na wote mpaka leo wanajua baba yao aliuawa na vumbi. Mimi ndiye niliyekuwa kwenye benchi nikasikia, na nimewaambia ninyi kabla ya kuwaambia wao.