Benedikto Mnali na Uji Usioonjwa

Benedikto Mnali alizaliwa karibu na Ruangwa, msimu wa palizi wa mwaka 1921, kwa wazazi wakulima Wamwera. Tarehe hakuna aliyeiandika. Alibatizwa akiwa kijana, akajifunza kusoma, na alikuwa na nguvu na hasira za kuwatosha watu watatu. Kwa hiyo mwaka 1948, alipoajiriwa katika mashamba ya karanga ya Nachingwea, hakukawia kufanywa nyapara.

Mwaka uliofuata spana moja ilipotea. Benedikto alimshika Saburi, kibarua mpole kutoka Malolo, akamzaba kofi mbele ya wenzake na kumfukuza kambini. Wiki mbili baadaye spana ilionekana chini ya kiti cha trekta, pale pale Benedikto mwenyewe alipoiweka akasahau. Mungu alimwita kwa aibu ile. Aliacha unyapara, akawa katekista, na akajiwekea adhabu: kila Kwaresima, tangu macheo hadi machweo, asile wala asinywe, hata akiwa safarini. Miaka tisa aliishika adhabu hiyo. Lakini kwenda Malolo kuomba radhi hakuthubutu. Kukaa na njaa kulikuwa rahisi zaidi.

Tarehe 25 Machi 1958 mchuuzi wa ugoro alimletea maneno ya Saburi: “Mwambie nyapara ninakufa. Msamaha wake ninao. Mimi siwezi kumpelekea, aje auchukue.”

Kesho yake alfajiri Benedikto alishika njia kwa miguu, maana masika yalikuwa yamekata barabara na malori hayakupita. Alivuka vijito saba bila kulowesha ulimi. Adhuhuri, kabla ya kufika Ruangwa, nguvu zilimwishia akaanguka kando ya shamba la mtama. Mwenye shamba, mjane Mwislamu aitwaye Mwanawetu, alimwita kaka yake Isihaka, wakamkokota hadi barazani. Ilikuwa Ramadhani na jiko lake lilikuwa baridi. Aliwasha moto, akapika uji.

“Kunywa, mwanangu.”

“Nimefunga, mama.”

“Na mimi nimefunga. Kwani nani kakuuliza? Unakwenda wapi?”

“Malolo. Kuna mtu anakufa, ananingoja.”

Mwanawetu alicheka. “Kwetu sisi msafiri kaachiwa, atafunga siku nyingine. Huyo wa kwenu anayekataza uji njiani ni nani?”

Benedikto akasema kweli. “Ni mimi mwenyewe.”

“Basi mwambie huyo mwenyewe anywe. Kifo hakina subira. Ila sijaonja, chumvi kamuulize Mungu.”

Chumvi ilikuwa imezidi mno. Benedikto aliunywa hadi chini ya bakuli, akasimama. Isihaka, naye amefunga, alimshika mkono akamvusha mto uliofurika, akamfikisha kwenye njia ya Malolo. Benedikto alipotaka kumshukuru, Isihaka alisema tu, “Niliuona uso wako ukinywa. Siku ukirudi, mwambie dada yangu ukweli kuhusu ule uji.”

Alifika Malolo jua likizama, watu wakifuturu. Saburi alikuwa mkekani, mifupa mitupu, lakini macho yalikuwa yale yale.

“Umechelewa kazini, nyapara.”

Benedikto alipiga magoti. “Spana niliiweka mimi.”

“Najua. Nilikuona ukiiweka. Ungenipa nafasi ya kusema, ningekuonyesha.” Alimshika mkono, mkono ule ule wa kofi. “Nimekusamehe. Sasa kaa, ule na watoto wangu.”

Benedikto akala. Siku ya tatu Saburi alifariki, na katekista alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi.

Yeye mwenyewe aliitwa na Bwana kwa homa, Novemba 1959, akiwa na miaka thelathini na minane. Mwanawetu alitembea kutoka kwake hadi mazishini akiwa na chungu cha uji. Wapo wanaosimulia kwamba wagonjwa walioacha kula walikunywa uji ule, wakapata nguvu. Hukumu ya jambo hilo ni ya Kanisa. Kuna wasomi wanaouliza: muujiza uko wapi, mtu kunywa uji? Nami nawauliza: je, wao waliwahi kuishusha adhabu waliyojivunia miaka tisa, mbele ya mjane asiyewajua?

Nasi tumwige hivyo. Wewe unayefunga, kama yuko mtu uliyemkosea, anza safari leo. Na ukikaribishwa njiani, keti upokee bakuli kwa mikono miwili, ulimalize, hata kama chumvi imezidi.