Miswaki ya Rangi ya Mapazia Yangu

Nilinunua miswaki ya darasa zima, yote ya bluu, kwa sababu tu bluu ni rangi ya mapazia yangu. Sikufikiri zaidi ya hapo. Dunia yangu mimi huishia dirishani.

Hata kujitolea kwenyewe kulitokana na hasira. Vijana wa parokia walipita hapa Gasenyi wakitafuta mtu wa kupanda mara moja kwa juma kufundisha kupiga mswaki kwenye shule moja ya mlimani, ambako watoto walikuwa wakilia kwa maumivu ya meno hadi darasani. Jirani yangu, mama mshonaji aliyetoka Uvira, akacheka mbele yao: "Muulize mwengine. Huyu akifika barabarani anaulizaka njia ya kurudi." Nikanyoosha mkono.

Pikipiki ilinishusha pale njia ilipogeuka mfereji. Nikamalizia kwa miguu, mahali pengine kwa magoti. Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye sauti ya kengele, aliwapanga watoto wa première, yaani mwaka wa kwanza, uwanjani, kila mmoja na kikombe chake. Nikahutubia. Nikaonyesha juu, chini, nyuma. Nilikuwa naanza kugawa aliponishika kiwiko.

"Kaka, hii miswaki italala hapa shuleni. Wakienda nayo nyumbani, nyumba nzima itatumia mmoja. Sasa kesho kila mtoto atajua wake namna gani?"

"Tuandike majina, Madamu."

"Majina? Hawa? Wangali kwenye a, e, i."

Akaikusanya yote, akaifungia kabatini. "Sitaki waambukizane. Mpaka ulete akili, hakuna atakayeitia kinywani."

Kasichana kamoja, shavu limevimba, kalibaki kamepanua kinywa, kakingoja. Nilishuka mlima na kile kinywa. Usingizini nacho kilikuwepo, wazi vilevile.

Kulipokucha nilikwenda kwenye bomba la uani. Maji kwetu huja yakitaka, kwa hiyo wanaopanga foleni si watu, ni bidoni, madumu ya maji. Zote za njano, na kila nyumba imefunga kipande chake cha kitenge kwenye mkono wa bidoni yake. Changu kina samaki wekundu. Miaka yote kipo pale. Nilikitazama, kikanitazama.

Nikabisha kwa mama mshonaji, nikaomba vipande vinavyoanguka chini ya cherehani.

"Vya nini? Kupamba nyumba tena?"

Lakini alivikata mwenyewe vyembamba vyembamba, huku akininanga. Nikafungua na samaki wangu kwenye bidoni, nikawaongeza.

Juma lililofuata kila mtoto alijichagulia, tukafunga mkiani mwa mswaki. Kasichana kale, jino bovu limeshang'olewa na muuguzi, kakanyakua samaki. Madamu, mikono kiunoni, akaamuru tuichanganye yote ndani ya ndoo kavu, kisha akawaachia. Vichwa vikazama ndooni. Hakuna aliyekosea! Punde povu lilikuwa limefika kwenye nyusi, na Madamu akauacha ufunguo ukining'inia kwenye mlango wa kabati.

Nilirudi kichwa kimenivimba. Kesho yake, nikitoka bombani na bidoni mkononi, nilisimama mlangoni pa mama mshonaji nikamsimulia jinsi nilivyookoa vinywa vya mlima mzima. Akaniacha nimalize. Kisha akainama, akashika kitenge cha maua ya kijani kilichofungwa kwenye mkono wa bidoni ile, akasema:

"Mutoto wa première anajua muswaki wake, na we mutu muzima unabeba bidoni yangu. Rudisha."