Dobi wa Cimpunda Aliyesimama Akiongoza Mbio

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu wa kiangazi bado umekalia mabati ya mtaa wa Cimpunda, na Domitille Bulonza ameshaanza kushuka mlima. Kikwembe chake cha kitenge amekifunga juu ya goti, begi la kitambaa limebanwa mgongoni kwa mkanda, na ndani ya begi kuna viazi vitamu vya saa sita na kitambaa cha kichwa cha kazini. Hatembei. Anakimbia.

Vumbi la Julai linamfuata kisigino kwa kisigino. Bombani, wanawake wenye ndoo wanampisha bila kugeuka, kama watu wanaopisha gari wanalolijua.

"Mama Domitille, mwizi iko wapi?" mmoja anapaza sauti.

"Polisi iko nyuma! Miye njo mwizi!" anajibu, naye ameshapotea kwenye kona.

Anashuka mtaa wa Buholo mpaka Brasserie, kwenye kiwanda cha bia, anaishika barabara ya lami, anafuata avenue kuu mpaka Nyawera, kisha Muhumba, kwenye hospitali anakofua mashuka. Njia ya mkato ingekuwa kilomita sita. Yeye anachagua ile ya kilomita tisa na nusu. Jioni, baada ya kufua, anapanda mlima kurudi nyumbani, tena kwa mbio.

Ana umri wa miaka thelathini na mmoja, watoto watatu, na miaka minane ya kazi katika chumba cha kufulia. Mashine ilikufa mwaka 1986 na hakuna aliyeizika wala kuifufua. Yeye na mwenzake Colombe wanafua kwa mikono mashuka mia moja na arobaini kwa siku, mengine yana damu, mengine yana mambo ambayo gazeti haliwezi kuyaandika. Shuka likilowa maji lina uzito wa mtoto wa miaka miwili. Anayetaka kujua mabega ya mwanamke huyu yametoka wapi, akainue moja.

Hakuanza kukimbia kwa ajili ya michezo. Nauli ya teksi ilikuwa inakula nusu ya mshahara, na mlango wa kazini hufungwa saa moja na dakika arobaini na tano. Aliyechelewa hurudi nyumbani.

"Niliona miguu ni ya bure," anasema. "Haiombake kitu."

Mwaka 1988, mwalimu wa mazoezi ya mwili wa shule moja ya sekondari, Marcellin, alikuwa kwenye baiskeli karibu na Brasserie alipomwona mwanamke mwenye kikwembe mbele yake. Alikanyaga pedali amfikie. Hakumfikia. Alikanyaga tena.

"Nilifikiri ana msiba," Marcellin anakumbuka, akicheka. "Nikamfuata mpaka Nyawera. Nikamuuliza: maman, unakimbia ju ya nini? Akaniambia: ju nisichelewe kazi. Nikamuuliza: na kama hauchelewe? Akasema: ningekimbia vile vile."

Tangu siku hiyo mwalimu ndiye anayempangia njia, na ndiye aliyemrefushia ya asubuhi. Alimtafutia viatu vya turubai vyenye soli ya mpira. Alimfundisha kupumua kwa hesabu na kushuka mlima bila kuvunja magoti. Tangu Aprili mwaka huu, 1990, suruali si kosa tena kwa mwanamke, na mwalimu alimshauri aache kikwembe. Domitille alikataa. Ana kaptura chini yake ya siku za mashindano, inatosha.

Wenye midomo hawakukosekana. Mumewe, Évariste, ni fundi mwashi, na kwa muda mrefu mafundi wenzake walimtania juu ya jukwaa la ujenzi: "Évariste, bibi yako anakukimbia!"

Naye akawajibu, mwiko mkononi: "Anakimbia asubuhi, lakini mangaribi anarudia. Yenu wanatembea pole pole, munajua fasi wanaendaka?"

Kuna mahali pamoja tu ambapo Domitille husimama. Ni Nyawera, mbele ya ofisi moja ya serikali, saa moja na nusu, filimbi inapolia na bendera kuanza kupanda. Hapo gari husimama, mkokoteni husimama, mwenye kikohozi hukimeza. Kila mtu analijua hilo tangu alipojifunza kutembea. Lakini mwaka 1983, akiwa na miezi minne tu kazini, Domitille alikuwa amechelewa na akapita. Askari jandarme alimdaka kwenye kona. Alipigishwa magoti juu ya changarawe saa nzima, kisha akang'oa nyasi za ua mpaka adhuhuri. Kazini alipewa onyo la mwisho.

Makovu bado yapo chini ya magoti yote mawili. Anayaonyesha bila haya.

"Tangu ile siku, nikisikia filimbi miguu inakufa yenyewe. Sifikirie. Inakufa."

Miguu hiyo ndiyo iliyompeleka Bagira, Jumamosi tarehe 14 Julai, kwenye mbio za mchujo za mkoa. Wanawake kumi na mmoja, kilomita kumi na mbili, kutoka Bagira mpaka Nguba. Nafasi ya kwenda Kinshasa kwenye mashindano ya taifa ilikuwa moja tu. Mkubwa wake kazini alimpa ruhusa ya siku kumi kama angeshinda, na alimwambia wazi kwamba ruhusa hiyo haitarudi mwakani. Marcellin naye hakumficha: waamuzi wa Kinshasa hawatafuti wanawake wa miaka thelathini na miwili. Ilikuwa mwaka huu au basi.

Aliyeogopwa zaidi alikuwa Yolande, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Muhumba. Baba yake ni mtu wa ofisi, na viatu vyake vya mbio vilitoka Ubelgiji. Asidharauliwe kwa viatu. Yolande anakimbia kweli.

Mbio zilipangwa kuanza saa kumi na mbili na nusu, ili ziishe kabla ya bendera. Mpango mzuri. Lakini palikuwa na hotuba, na baada ya hotuba palikuwa na hotuba ya kushukuru kwa hotuba. Filimbi ya kuanza ililia dakika kumi na saba baadaye. Hakuna mtu katika kamati aliyeangalia saa.

Brasserie walipita watatu pamoja. Kwenye avenue wakabaki wawili, Domitille na Yolande. Kisha Domitille akaongeza mwendo, na Yolande akabaki nyuma mita hamsini, mita mia, mita mia na hamsini. Watu kando ya barabara walipiga vigelegele. Colombe, aliyekuwa amejipanga Nyawera na wafanyakazi wa hospitali, alimwona rafiki yake anatokea peke yake nyuma ya pikipiki ya mpimaji wa muda, kifua mbele.

Hapo ndipo filimbi ya ofisi ilipolia.

Jandarme wa njia panda alikuwa ameamriwa awapitishe wakimbiaji. Lakini mkono wake ulishapanda kwenye kofia. Pikipiki ikasimama. Vigelegele vikakatika. Na Domitille Bulonza, anayeongoza mbio za mkoa, akasimama katikati ya lami, mikono ubavuni, kidevu juu, jasho likimtiririka machoni bila kulifuta.

"Nilitaka kumusukuma!" anasema Colombe. "Lakini na miye nilikuwa nimesimama. Nilikuwa naomba Mungu mu roho: bendera, panda mbio, panda mbio!"

Bendera haikuwa na haraka. Ilipofika nusu ya mlingoti, hatua zilisikika zinakuja. Yolande alitokea, akawaona watu wote wameganda, akayumba kidogo, kisha akapita. Alipita kando ya bega la Domitille, karibu sana hata upepo wake ulimgusa.

Bendera ilipotua juu, Domitille aliruka kama aliyefunguliwa kamba. Kilomita mbili zilibaki. Waliomwona wanasema hawajawahi kuona mtu akikimbia vile katika mji huu, na ni kweli hawajawahi. Alimfikia Yolande mita kwa mita. Nguba aliingia hatua kumi na tano nyuma yake.

Wa pili. Na wa pili haendi Kinshasa.

Kwenye meza ya waamuzi, mjumbe mmoja wa kamati, asiyetaka lawama ya bendera iiangukie kamati, alikuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Bado hajazoea kusema "madame" badala ya lile "raia" la Kifaransa la miaka yote. Alisema: "Sitwayene, saini hapa. Kwamba uliona huyu mutoto anakataa kusimama mbele ya drapo. Unasaini, anatoka, nafasi ni yako."

Yolande alikuwa ameketi chini, kichwa kati ya magoti. Alikiinua. Alikuwa ameelewa.

Domitille alishika kalamu. Marcellin, aliyekuwa nyuma yake, anakiri kwamba moyo wake ulikuwa unasema saini, saini.

"Na akitoka, anaenda wapi?" Domitille aliuliza.

"Ile si mambo yako."

"Wanamupeleka kwenye changarawe?"

"Sitwayene, saini."

Domitille aliweka kalamu mezani. Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na kelele za maji:

"Miye sikuona kitu. Mutu mwenye anasimama mbele ya drapo, anaangaliaka drapo. Haangaliake watu. Kama kuna mwenye alimuona, akuye hapa aseme: yeye alikuwa anaangalia fasi gani?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajizuia, na kicheko kikawatoka wengine kumi. Mjumbe alimgeukia jandarme.

"Wewe ulikuwa pale. Uliona?"

"Mimi, shefu? Mimi nilikuwa mu salamu," jandarme alijibu, macho angani, kama vile bado yuko kwenye salamu.

Mjumbe aliwauliza watu watano. Wote watano, kumbe, ni raia wema: walikuwa wanaangalia bendera. Karatasi ilikunjwa mara nne ikaingia mfukoni. Yolande akatangazwa mshindi, na Domitille akafunga kikwembe juu ya kaptura yake akapanda Cimpunda. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka minane, aliupanda mlima akitembea.

Jumatatu, juu ya beseni la mashuka, Colombe hakumhurumia.

"Weye uko mujinga ya Mungu. Kinshasa ilikuwa mu mukono! Mu mukono, mwanamuke!"

"Ilikuwa mu kalamu," Domitille alimjibu. "Miye sikujifunza mbio ya kalamu."

Anakiri sasa kwamba usiku huo alilia. Évariste alimwacha alie, kisha akamwambia neno moja ambalo hataki liandikwe. Asubuhi aliamka akakimbia kwenda kazini, kwa sababu mlango ungefungwa saa ile ile.

Alhamisi jioni, wanawake wa bombani walimwona msichana mwenye viatu vizuri akipanda Cimpunda, vumbi mpaka magotini, akiuliza nyumba ya mama mwenye kukimbia. Walimwonyesha, wakamfuata kwa macho mpaka mlangoni.

Domitille alikuwa anachambua maharagwe. Hakusimama. Alimsogezea kigoda.

"Maman," Yolande alisema, "nilisikia filimbi."

"Najua."

"Nilijua kama ni drapo. Nilisema mu roho: nikisimama, nimeshindwa."

"Ulikuwa umeshindwa kabla ya filimbi," Domitille alimwambia, bila kuacha maharagwe.

Yolande alicheka, na machozi yakamtoka humo humo. "Njo ile nimekujia. Kila siku nikivaa hii viatu, naona mugongo yenu. Sitaki kuenda Kinshasa na mugongo yenu mu macho. Turudilie mbio. Sisi wawili."

"Baba yako anajua?"

"Baba anasema niko kichwa ngumu."

"Anasema kweli," alisema Domitille. "Kula kwanza."

Marcellin ndiye aliyeandika barua. Kuhusu mambo ya bendera barua ilinyamaza kimya. Ilisema tu kwamba mpimaji wa muda alisimamisha pikipiki Nyawera, kwamba muda wa mshindi kwa hiyo hauaminiki, na kwamba Kinshasa haiwezi kupelekewa muda usioaminika. Kila neno ni kweli. Wakimbiaji wote wawili walisaini, mmoja chini ya mwingine. Kamati, ambayo ilikuwa inatafuta mlango wa kutokea, iliuona na ikapita.

Watakimbia tena Jumapili tarehe 5 Agosti, njia ile ile, Bagira mpaka Nguba. Saa tatu kamili, baada ya misa ya kwanza. Hotuba hazitakuwepo, sharti hilo liliongezwa na Marcellin kwa mkono wake.

Kamati imemwombea Domitille kazini siku mbili za kupumzika kabla ya mbio. Amezikataa. Anasema shuka lenye maji linayafaa mabega yake kuliko godoro.

Juu ya kamba za ua wa hospitali, mashuka ya leo yanapiga kelele kwa upepo wa ziwani. Domitille anabana la mwisho, anafuta mikono kwenye kikwembe, na anapoulizwa anatarajia nini, hatafuti maneno.

"Akinishinda, ataenda, na miye nitamupa mukono, nirudie kazi Jumatatu. Mashuka haikosekane. Lakini hatanishinda."

Colombe anaguna. Domitille ameshabeba begi, ameshaukaza mkanda, ameshaanza kuinua visigino.

"Nitamuacha pale Brasserie, fasi mulima kidogo inaanzia. Sitangoja avenue. Nitaondoka pale pale, mbio ya kweli, mpaka Nguba." Anageuka mlangoni. "Muandike ile. Baba yake anasomaka gazeti kila siku. Amusomee. Mutoto akuye mu mbio anajua yote."