Salamu za Mama Zapanda Mlima

Mama yetu hakuwa mtu wa kutosheka na "nzuri". Ukimtembelea kwake Kibaha, akakuuliza habari, nawe ukajibu nzuri kama tunavyojibu sote, alinyamaza. Aliendelea kuchambua mchele wake bila kukutazama, na ule ukimya ndio uliokutoa maneno: nzuri, ila mtoto anaumwa; nzuri, ila tumeachana. Kwetu Pwani jibu la kwanza ni nzuri hata kama umetoka makaburini. Habari yenyewe hukaa nyuma ya "ila", na Mama alijua kuingoja.

Ndivyo alivyomwokoa Pasang. Pasang ni fundi mitambo kutoka Nepali, kwenye milima ya Himalaya, aliyekuja kufanya kazi za mradi wa maji huko Ruvu akapanga chumba cha uani kwetu. Asubuhi moja, akiwa bado mgeni na Kiswahili chake ni cha kuokoteza, Mama alimuuliza habari. Akajibu nzuri huku anatetemeka. Mama akangoja. "Ila baridi," akasema Pasang, na jua lilikuwa linachoma mabati. Ilikuwa malaria kali. Mama alimpeleka hospitali mwenyewe, akamlisha uji mpaka akasimama, na tangu hapo akawa mtoto wa nyumba. Alikaa kwetu miaka, akala bada, ugali wetu wa muhogo, kwa kisamvu, akajua hata kututania.

Mama alipopata ule ugonjwa wake wa mwisho, Pasang alikuwa amesharudi kwao. Mama alituita mimi na kaka yangu Juma, akasema, "Mama yake yule kijana yu hai. Nendeni mkamwambie mtoto wake hakulala na njaa kwangu. Msimpigie simu. Salamu kama hii inakwenda kwa miguu." Wiki hiyo hiyo tukamzika.

Basi hiyo ndiyo iliyotutoa nyumbani. Mimi ni Asha, mwalimu wa jiografia hapa Kibaha. Himalaya nimeifundisha kwa chaki miaka mingi, lakini mlima mkubwa niliowahi kuupanda ni vile vilima vya Pugu, tena nikiwa ndani ya basi. Kaka Juma ni mkulima wa nanasi na mihogo kule Kibuta, Kisarawe, na ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo salamu ilikuwa ya kinywa chake. Pasang alipopata habari akatutumia tiketi, akatuonya kwamba mama yake ni mzee sana, na kijiji chake kiko upande wa pili wa mlima, mahali ambapo gari halifiki. Tungepanda na kiongozi, taratibu, mpaka kwenye pengo la juu kati ya vilele viwili, halafu tushuke upande wa pili tumkute.

Kibuta, siku ya kuaga, wifi yangu Tatu alifunga makoti yetu ya mitumba kwa kamba ya katani akanivuta pembeni. "Wifi, mwenzio namjua. Akiumwa hasemi. Mnatoka wawili, mrudi wawili. Nikimwona mmoja, usinisalimie." Nilicheka, naye hakucheka.

Kathmandu tulipokelewa na kijana mfupi mwenye miguu kama vinu, mpwa wake Pasang, aliyekuwa atuongoze. Akasema jina lake ni Pemba. Kaka Juma alishika kiuno.

"Nimeruka bahari na mabara kuja kuongozwa na Mpemba!"

Pemba hakuelewa, ila alicheka kwa kuwa sisi tulicheka. Nikamuuliza kwa Kiingereza jina lake lina maana gani. Kumbe kwao mtoto hupewa jina la siku aliyozaliwa, naye ni wa Jumamosi. Pasang ni wa Ijumaa. Nilipomfasiria kaka, alisimama katikati ya barabara na mabegi yake.

"Kwa hiyo Pasang ni Juma kama mimi? Miaka yote ile tunakula sahani moja, hajasema!"

Kuanzia hapo kaka alitembea kama mtu anayekwenda kwao.

Barabara ya gari ilituishia kwenye mji mdogo wa mbao na matope, tukaanza kutembea. Njia zile ni ngazi za mawe zisizo na mwisho. Unapanda mpaka moyo unagonga kooni, unafika juu, unaona kwamba ile ilikuwa ngazi tu ya kukupeleka kwenye ngazi nyingine. Mashamba yamekatwa kwenye mteremko, membamba kama mkeka wa mtu mmoja, na watu wanalima wamesimama upande upande. Kaka aliyaangalia kwa huruma ya mkulima. "Hawa wakiangusha jembe, wanalifuata siku nzima," alisema. Tuliwapisha nyumbu wa mizigo, wale wazao wa punda na farasi, waliobeba mitungi ya gesi, tukavuka madaraja ya kamba za chuma yanayoyumba juu ya mto mweupe. Kwenye daraja la kwanza nilisoma kila dua niliyofundishwa madrasa, na nyingine nadhani niliitunga.

Kila jioni tulilala kwenye nyumba za wageni, tukazunguka jiko la chuma lililo katikati ya chumba. Katika kijiji kimoja mwenye nyumba, mama mmoja mwenye mashavu mekundu, alitupa chai ya siagi na chumvi. Kwetu kikombe cha mwenyeji humalizwa, ndiyo adabu. Nikakimaliza kwa shida. Akajaza. Nikakimaliza tena. Akajaza.

"Asha," kaka akaninong'oneza, "huyu mama ana ugomvi na wewe?"

Pemba alipoona macho yangu yamelegea akanieleza: huko kikombe kitupu ni ombi. Ukishiba, unakiacha kimejaa. Nililala na tumbo linalocheza kama dumu la mafuta ya taa.

Pemba alikuwa kiongozi mzuri. Siku ya kwanza alitupa sheria moja: juu kule hewa ni nyembamba, na mtu akiumwa kichwa lazima aseme, maana ugonjwa wa mlima huanza kama mzaha na huua. Kila asubuhi na kila jioni alimfuata kaka, ambaye Kiingereza kinampiga chenga, akamuuliza kwa Kiswahili alichofundishwa na Pasang, tena kwa fahari, "Habari, Juma?"

"Nzuri, Mpemba."

Pemba aliinua kidole gumba, akaridhika. Mimi kwa Kiingereza nilimweleza magoti yangu, mgongo, pua, kila kiungo, mpaka nadhani alinichoka. Mgonjwa wa safari nilikuwa mimi. Kaka alikuwa nzuri.

Miti ikaisha. Yakabaki mawe, nyasi kavu, na yaki, ng'ombe wa huko wenye manyoya yanayoburuza chini. Kwenye vijia tulipita mafungu ya mawe yaliyochorwa maombi, na vitambaa vya rangi vikipigwa na upepo. Nilianza kuona kwamba kaka hatanii tena. Alipopewa viazi, alivizungusha kwenye sahani kisha akampa mbwa. Nikasema moyoni, amemkumbuka Mama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemkumbuka, na pumzi ya kuzungumza sikuwa nayo.

Kijiji cha mwisho chini ya pengo kilikuwa nyumba chache zilizojikunyata nyuma ya ukuta wa mawe. Kesho yake tungevuka. Pemba aliuliza habari, akajibiwa nzuri.

Alfajiri niliamka kuswali nikamkuta kaka ameanza. Tangu tufike Nepali alikuwa akijisahihisha kwa sauti kila anapotandika mswala, "magharibi, siyo kaskazini, hapa siyo Kibuta." Asubuhi ile alikuwa ameelekea mlangoni, mashariki. Nikangoja amalize nimwambie. Akaswali rakaa mbili, akakaa, kisha akanyanyuka tena. Ya tatu. Akanyanyuka tena kwa kushika ukuta. Ya nne, na sala ya alfajiri ni rakaa mbili. Kaka yangu amekuwa akiiswali tangu akiwa mtoto.

Alipotoa salamu nilimsogelea nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba."

"Habari za kuamka?"

"Nzuri."

Nikanyamaza. Nilitaka kumtikisa, nilitaka kupiga kelele, lakini nilishika pindo la ushungi wangu nikalikunjakunja kama Mama alivyokuwa anachambua mchele, nikangoja. Upepo uligonga dirisha. Alinitazama, akatazama chini.

"Ila kichwa," akasema. "Tangu juzi. Kinapasuka, Asha. Na miguu hainisikii."

"Mbona hukusema?"

"Nimeulizwa habari. Ningejibuje? Halafu ungenigeuza. Mama yule yuko hapo juu tu."

Nilimwita Pemba kwa sauti iliyoamsha nyumba. Alimwambia kaka atembee kwenye mstari wa ubao wa sakafu, mguu mbele ya mguu. Kaka alipiga hatua mbili akaegemea jiko, bahati lilikuwa limezimika. Uso wa Pemba ulibadilika.

"Lakini nilimuuliza kila siku!" alisema. "Kila siku, nzuri!"

Ilibidi nimweleze pale pale, huku tunafunga mabegi, kwamba kwetu nzuri siyo jibu, ni mlango. Alinitazama kana kwamba nimemwambia kwetu watu huvaa viatu mikononi. Kisha akasema tunashuka sasa hivi, chai tutakunywa chini.

Kaka alikataa. Aliketi kwenye benchi akashika ukingo wake kwa mikono yote miwili. "Salamu ya maiti siiachi njiani. Ninyi shukeni."

"Nani alikuwa anajua kungoja 'ila'?" nilimuuliza. Nilikuwa nalia sasa, wala sikujali. "Mama. Leo amekuokoa wewe kama alivyomwokoa Pasang. Ukifia hapa, huyo mama mzee utamwambia nini? Na Tatu nitamsalimia vipi?"

Aliachia ukingo wa benchi. Kisha akanyoosha mkono nimwinue.

Tulishuka, Pemba amemshika kiunoni, mimi nyuma nimeng'ang'ania koti lake. Alijikwaa, aliongea na mbuzi wasiokuwepo, mara mbili aliniita kwa jina la Mama. Sitaki kuieleza sana njia ile. Nilihesabu pumzi zake kuliko zangu. Tukashuka mpaka nyasi zikarudi kijani, tukashuka tena mpaka kichaka cha kwanza kikatokea, na hapo Pemba akatuketisha kwenye nyumba ya mama wa chai ya siagi. Kaka alijilaza kwenye benchi. Nilikaa nikimtazama kifua kinavyopanda na kushuka.

Jua lilipogeukia mlimani, akafungua jicho moja.

"Asha. Hivi hawa hawajapika?"

Nilicheka mpaka mama mwenye nyumba akaja kuona kama ugonjwa umenihamia mimi. Kaka alikula viazi sahani nzima, akaomba vingine. Pemba alitoka nje, na nilimwona kupitia dirishani akijifuta macho.

Hapo simu ilishika, Pemba akampigia Pasang akamweleza yote. Sisi tulikwishakubali: salamu tungemwachia Pasang aifikishe, kaka apone, turudi. Lakini jioni ile kaka hakutania.

Tulikuwa bado tunajiuguza pale, asubuhi moja, kengele ikasikika kwenye njia. Pasang alikuwa anavuta farasi mdogo mwenye manyoya, na juu ya farasi, amefungwa shuka mgongoni na kwenye tandiko asianguke, kibibi kidogo chenye uso wa mikunjo. Alikuwa amevuka pengo.

"Nimemkataza," alisema Pasang kwa Kiswahili chake cha Kibaha, huku anatukumbatia. "Ameniambia vichwa vya wageni havijazoea, chake kimezaliwa kule. Ningefanyaje, Bi Asha? Mama ni mama."

Bibi aliteremshwa, akatoa kitambaa cheupe kifuani akamvika kaka shingoni. Nusura nipige yowe. Nguo nyeupe, kwa mtu aliyetoka kuponea chupuchupu! Pasang aliona akacheka: ni heshima ya kumpokea mgeni, siyo sanda.

Kaka alisimama, akatengeneza koti lake la mitumba. Alikuwa amelirudia neno lile tangu Kibuta. "Mama, Mama yetu anakusalimu. Amesema nikwambie, mtoto wako hakulala na njaa kwake."

Pasang alianza kufasiri, akashindwa, akaanza tena. Bibi alisikiliza. Kisha alimvuta kaka kwa kile kitambaa mpaka kichwa chake kikashuka, akakishika kwa mikono miwili, pale pale kilipokuwa kinauma, akasema maneno machache.

"Anasema," Pasang alifasiri, "na wa kwake hatalala na njaa hapa."

Akafungua kifurushi. Viazi vya shambani kwake, vya kuchemsha, na chumvi ya pilipili ndani ya karatasi. Alimmenyea kaka kimoja kimoja akamtia mkononi, na kaka yangu, mtu mwenye wajukuu, alikula huku machozi yanamtiririka ndevuni.

Kurudi kulikuwa kushuka tu, na kushuka ni rehema. Pumzi zilirudi, miti ikarudi, na utani wa kaka ukarudi wote pamoja na riba. Wakati wa kuagana Pemba alimuuliza, "Habari, Juma?" akajibiwa nzuri, akasimama amekunja mikono, anangoja. Tulimpigia makofi. Mimi nami siku hizi nikiingia darasani wanafunzi wakasema hawajambo, siwaambii wakae upesi. Navuta kiti, nashika chaki, nawapa nafasi.

Kibuta tulifika alasiri. Wifi Tatu alikuwa uani anamenya mihogo. Alituona tukitokea kwenye minanasi, akatutazama mmoja, akatutazama wa pili, kisu kikamwanguka. Akakiokota, akajifuta kwa kanga, akajikaza.

"Habari za huko, Baba Mwajuma?"

"Nzuri," kaka akasema.

Tatu hakusema neno. Alichukua muhogo mwingine akaendelea kumenya, macho chini. Kuku alipita. Kaka alinigeukia, nikatazama pembeni, maana hapo sikuwa na la kumsaidia.

"Ila?" akauliza Tatu.

"Ila nina njaa."