Siku Niliyopiga Kelele ya Mwizi

Dada yangu mkubwa anauza vitenge mjini Singida, na ndiye aliyenifundisha namna ya kutembea mjini. Mkoba ukae mbele, usiuache ubavuni. Ukiombwa usisimame, sema "nisamehe" na miguu iendelee. Usifungue mkoba mbele ya mtu anayekuomba hata kama ni kipofu, kwa sababu huenda anayekuomba si mwizi, ila aliyesimama nyuma yako akawa ndiye. Mtu akikufuata ingia dukani. Akikushika piga kelele. Alinifundisha mambo haya kwa uzito uleule anaotumia kunieleza kitenge kipi kinachuja na kipi hakichuji.

Mama yetu, kule Kinampanda, alitulea kwa sheria nyingine. Kwake mtu akikusemesha unasimama. Kama huna cha kumpa unamwambia huna, lakini unamwambia huku ukimtazama usoni. Nilipokuwa mdogo alinichapa mara moja kwa sababu nilimfungia mlango mgeni aliyekuwa anaomba chumvi, na baada ya kunichapa akanituma nimkimbilie nikampe. Kwa miaka mingi niliona sheria hizi mbili zinaweza kukaa pamoja bila kugombana, ya dada nikiwa mjini, ya mama nikiwa nyumbani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ulemo. Siku ninayoisimulia ilikuwa Ijumaa, na nilikuwa nimeitwa mjini kupeleka vyeti vyangu halisi vikakaguliwe. Mtumishi yeyote anajua uoga wa kusafiri na vyeti halisi. Niliviweka kwenye bahasha ya kaki, nikaandika juu yake kwa kalamu nene: Mwalimu, kisha jina langu na jina la shule. Kwenye gari niliishika bahasha ile mapajani safari nzima.

Ijumaa waombaji wanakuwa wengi mjini. Wanapita duka kwa duka, na wenye maduka Waislamu huwa wameshaandaa sadaka yao mezani, kila anayefika anachukua, anaomba dua fupi, anasogea duka la pili. Nilikuwa nimezoea kuwaona. Aliyenisimamisha mimi hakufanana nao. Nilikuwa natoka steshenari kutoa nakala za vyeti, nikamkuta amesimama kando ya mlango, mwanaume aliyenizidi labda miaka kumi, amevaa koti la suti lililopauka lakini safi, na kandambili. Hakunyoosha mkono. Alinisalimia, akanieleza kwamba alikuja kumwona ndugu yake aliyelazwa hospitali, akaibiwa simu na nauli pale stendi, na sasa anataka kurudi kwao Issuna.

Hadithi hiyo nilishaisikia mara nyingi, kinachobadilika ni jina la kijiji tu. Nikamwambia, "Nisamehe kaka," nikaendelea kutembea. Sikumtazama usoni.

Nikasikia kandambili nyuma yangu. Nikavuka barabara, zikavuka. Upepo ulikuwa mkali siku hiyo, unapeperusha mifuko na vumbi, na mimi nilikuwa nashikilia mtandio kwa mkono mmoja na mali zangu kwa mkono mwingine. Nikafanya kama dada alivyonifundisha, nikaingia duka la mabeseni na kuuliza bei ya beseni ambalo sikulitaka. Nilipotoka sikumwona tena. Moyo ukatulia kidogo.

Nilikuwa nimefika karibu na kijiwe cha bodaboda niliposikia mtu anaita, "Mwalimu! Mwalimu, subiri." Nilimwona kwa kona ya jicho, ni yeye, anakuja mbio. Sikuwa nimemwambia kwamba mimi ni mwalimu. Nilijisemea moyoni kwamba mtu huyu amenichunguza, anajua kazi yangu, huenda anajua na nilichobeba. Nikaongeza mwendo. Kisha mkono wake ukashika mkanda wa mkoba wangu begani, akanivuta nyuma.

Nikapiga kelele, "Mwizi!"

Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo kwa sauti maishani mwangu. Nilishangaa jinsi lilivyotoka kubwa. Na kabla sijafunga mdomo, madereva wa bodaboda walikuwa wameshaacha pikipiki zao. Wa kwanza alimpiga kofi, wa pili akamkata mtama, akaanguka. Wengine nao walikuja, ambao hawakuniona wala hawakuniuliza chochote. Yule mwanaume hakukimbia na hakujitetea, alijikunja tu akiwa amekumbatia tumbo lake. Nilimwona mtu mmoja anainama kuokota jiwe. Nikataka kusema basi, inatosha, lakini sauti iliyokuwa kubwa muda mfupi uliopita haikuwepo tena.

Aliyewazuia ni mzee wa duka la vyombo lililokuwa mbele yetu. Alikuwa ameshavaa kanzu kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Hakupiga kelele. Alipita katikati yao akiwasogeza kwa viganja kama mtu anayepita kwenye foleni, akamshika yule mwanaume kwenye ukosi wa koti, akamwinua, akamwingiza dukani kwake. Mkewe akarudisha mlango nusu. Kisha mzee akanitazama mimi niliyebaki nje nimeganda.

"Ingia na wewe, mama," akasema. "Wewe ndiye mwenye kesi."

Ndani alinipa kiti. Yule mwanaume aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mdomo unavuja damu. Nilimwamkia mzee, akaitikia, halafu akaniuliza kilichoibiwa ni nini. Nikatazama mkoba. Zipu ilikuwa wazi. Simu ipo, pochi ipo. Bahasha haipo. Nikasema, "Bahasha yangu ya vyeti," na kwa muda huo mfupi niliamini kabisa kwamba sikukosea.

Yule mwanaume akaingiza mkono ndani ya koti, akaitoa bahasha, akaiweka juu ya meza ya duka. Ilikuwa imekunjika katikati lakini haikuwa na tone la damu.

"Nilikuwa nakuletea," akasema. "Uliidondosha pale kwenye mabeseni."

Alieleza kwamba aliiona chini, akasoma neno Mwalimu, akanikimbilia. Aliniita sikusimama. Ndiyo maana akashika mkoba. Mzee akamwuliza kwa nini aliificha ndani ya koti kama alikuwa anaileta. Akajibu kwamba ni kwa sababu ya upepo, na kwamba alipoanza kupigwa aliona itachanika. Lilikuwa jibu zuri. Nilikaa nikiliwaza jibu lile, nikaona mwizi mwenye akili naye angelitoa hilohilo.

Dereva mmoja wa bodaboda alikuwa amechungulia kwenye ule mwanya wa mlango. Akasema anaapa kwa macho yake mawili, alimwona akiingiza mkono kwenye mkoba na kuutoa. Nyuma yake kulikuwa na mama anayeuza karanga, naye akasema huo ni uongo, bahasha ilikuwa kwapani mwangu, na yeye aliiona ikianguka nilipokuwa natoka dukani. Wakaanza kubishana wao kwa wao, kila mmoja akimwuliza mwenzake alikuwa amekaa wapi.

Mimi ndiye niliyekuwa na bahasha, na mimi ndiye niliyepaswa kujua. Nilikumbuka nikiiingiza mkobani pale steshenari, hata mlio wa zipu niliukumbuka. Kisha nikakumbuka kwamba kwenye duka la mabeseni nilitoa simu, nikajifanya nasoma ujumbe ili nichelewe kutoka, na kwamba ili kuitoa simu nilihitaji kutoa bahasha kwanza. Je, niliirudisha? Niliona picha yake ikiwa kwapani. Lakini picha hiyo ilinijia baada ya mama wa karanga kusema, si kabla, na sikuweza kujua kama nakumbuka jambo nililolifanya au nakumbuka maneno yake.

Mzee alingoja. Muadhini alikuwa ameshaanza kuadhini, lakini hakuonyesha haraka.

"Mwanangu," akasema, "ukitaka polisi, nafunga duka nakwenda na nyinyi. Usipotaka, natoka nawaambia hawa watawanyike. Lakini lazima useme wewe. Mimi siwezi kukusemea."

"Sijui, baba."

"Hujui nini?"

"Sijui kama ameiba."

Alinitazama, akamtazama na yule mwanaume. "Kama wewe hujui," akasema, "basi hapa hakuna mwizi." Akatoka nje, nikamsikia akiwaambia hivyohivyo. Baadhi walinung'unika kwamba wanawake wa siku hizi wanapoteza muda wa watu.

Mke wa mzee alimletea yule mwanaume maji. Akasukutua mdomo, akatema kwenye beseni, maji mekundu. Nikamwambia samahani. Nililitamka neno hilo huku sijui ninaomba radhi kwa kumsingizia au ninampa pole kwa kuumia, na nadhani nililichagua kwa sababu lilifaa kwa yote mawili.

"Kagua vyeti vyako, mwalimu," akasema. "Uone kama vimetimia."

Nikakagua mbele yake, kimoja kimoja, na aibu yangu ikawa kubwa kuliko ya mtu aliyekamatwa. Vilikuwa vimetimia. Aliponiona nafunga bahasha akaniuliza, kwa sauti ileile aliyotumia nje ya steshenari, "Sasa utanisaidia hiyo nauli?"

Swali hilo limenisumbua kuliko kipigo. Mtu mkweli ambaye hana nauli, baada ya kupigwa bado hana nauli, kwa hiyo lazima aombe tena. Na mtu aliyeizoea kazi hiyo naye angeomba tena, kwa kuwa angejua siwezi kukataa. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza siku hiyo nikitafuta tofauti. Niliuona uso wa mtu aliyechoka, mwenye mdomo uliovimba.

Sikumpa pesa mkononi. Nilimwambia twende stendi. Njiani nilimwacha atangulie, na kila nilipoona anachechemea nilijiuliza kwa nini bado namwacha atangulie. Kwenye Costa inayokwenda Manyoni nilizungumza na kondakta, nikalipa, nikamwomba amshushe huyu kaka Issuna. Alipanda akakaa dirishani. Hakunishukuru na hakunilaani. Nilisimama mpaka gari likaondoka, nikajisikia mwepesi, na wepesi huo ulidumu kutoka stendi mpaka dukani kwa dada.

Dada alinisikiliza akiwa na utepe wa kupimia vitambaa shingoni. Akasema mtu wangu ameshashuka kituo cha kwanza, hao ndivyo wanavyofanya, na kondakta anamrudishia nusu. Alinikasirikia zaidi kwa kwenda naye stendi kuliko kwa kelele nilizopiga. Kisha akachukua mkoba wangu akaujaza vitambaa, akafunga zipu, akautikisa. Haikufunguka. Akautikisa tena, haikufunguka. Mara ya tatu meno ya zipu yakaachia yenyewe, taratibu, mpaka katikati. Tukatazamana. "Hiyo haimaanishi kitu," akasema, lakini alinipa mkoba mwingine wa kurudia Ulemo.

Mama nilimsimulia Jumapili, akiwa anachambua maharage. Aliniuliza jambo moja tu, kama yule mtu alivuja damu. Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua, kisha akaanza kuzungumza kwa Kinyiramba habari za mvua.

Sasa nikienda mjini nafanya mambo ambayo hayaeleweki hata kwangu. Mkoba unakaa mbele kama dada anavyotaka. Anayeniomba nasimama, namtazama, wakati mwingine nampa, wakati mwingine nasema sina, na mkono mmoja hauachi zipu. Mwezi uliopita mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza kwa nini namkodolea macho. Nilikuwa namtafuta kwenye uso wake mtu ninayeweza kumwamini, na hilo si jambo la kumwambia mtu aliyeomba hela ya uji.

Miezi kadhaa baada ya tukio lile, walimu wenzangu nami tulikwenda msibani upande wa Ikungi, na wakati wa kurudi dereva alikubali kutupitisha Issuna kwa kuwa mwenzetu mmoja alikuwa na mzigo wa kuchukua pale. Gari lilisimama karibu na gulio. Nilishuka, nikamwendea mama aliyekuwa anauza vitunguu, nikamweleza mtu ninayemtafuta: umri wake, koti lake, ndugu aliyelazwa Singida.

"Amefanya nini?" akaniuliza.

Nikasema hajafanya kitu.

"Sasa unamtafutia nini?"

Niliinama nikashika fungu la vitunguu. Yule mama alinihurumia, nadhani, kwa sababu hakurudia swali. Alisema wenye makoti ya namna hiyo wako wengi, lakini yupo mmoja pale kwenye mashine ya kusaga, nimwangalie. Nikageuka. Kulikuwa na mwanaume ameketi juu ya gunia, ametupa mgongo, koti limepauka mabegani. Ilikuwa hatua kama thelathini. Mabega yalikuwa yake, au yalikuwa ya mtu yeyote aliyevaa koti kuukuu.

Dereva akapiga honi. Mwenzangu mmoja akaniita kwa jina, akasema jua linakwenda. Bado nilikuwa na muda wa kufika pale kwenye mashine na kurudi. Nilijaribu kupanga sentensi ya kwanza, na kila niliyoipanga ilianza kama ombi la radhi na kuishia kama swali la polisi. Mama wa vitunguu alikuwa ameshanifungia fungu moja bila kuambiwa. Nikalipa, nikarudi garini na vitunguu ambavyo sikuvihitaji, nikakaa upande wa pili, ambao dirisha lake halikutazama mashine.