Gari la Chuma na Neno Rahisi

Mambo yale yalimgharimu shemegi yangu Salim mguu wa kushoto, kuanzia gotini. Gari lenyewe halikupata hata mkwaruzo, maana halikufika vitani.

Asubuhi ile karakana ya jeshi pale Firq ilikuwa kama siku zote: cheche, kahawa, na waamrishaji watatu kwa kila mfanyakazi. Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nitoke Unguja kuja nchi hii ya Waarabu. Tulikuwa tumelivika lori mabamba ya chuma, na tumbo lake tumelichongoa kama la mashua, ili bomu la kutegwa ardhini likilipuka, moto upasukie pembeni. Ribiti za kuyashika mabamba zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Nilizihesabu mara mbili. Nilitaka kujua kitu kimoja: litahimili?

"Hili tanuri lako la mikate linakwenda," Salim aliniuliza, "au linaoka tu?"

"Panda, uwe mkate wa kwanza."

Yeye ndiye angeliendesha kusini, kwenye vita. Likikataliwa, angerudi kwenye lori lake la bati.

Tulilijaribu hadi Manah na kurudi. Lilichemsha mara mbili. Salim alipokuwa mbele akijaza maji, afisa aliyekuja kulikagua akaugusa mlango wa kutokea juu, akaniuliza kwa Kiarabu: mlango huu vipi?

"Rakhis, sidi," nikamjibu. "Rakhis wajid."

Nilikusudia kwamba ni rahisi sana, haumpi mtu taabu kuufungua. Akalitazama gari upya, akaligonga bamba kwa kidole kama anayenunua sufuria, akaandika mstari mmoja, akaenda zake.

Gari likakataliwa, likaachwa Firq. Baada ya wiki mbili nikapelekwa kusini, nikiwa fundi wa msafara, ndani ya lori la bati la Salim.

Changarawe. Vumbi la lori la mbele.

Kishindo.

Mikono ya Salim ilikuwa bado imeshika usukani.

"Shemegi," akasema, "hebu nihesabie miguu."

Nilihesabu mara mbili.

Miezi ilipita. Siku moja, katika soko la Nizwa, mwenye duka akaniambia birika lake ni rakhis. Nikamuuliza: rahisi kufanya nini? Akacheka. Kwao neno hilo ni bei ndogo, basi; ndivyo yule afisa alivyonisikia.

Mpaka leo Salim hulaumu rejeta. Anasema gari lilikataliwa kwa kuchemsha. Huenda ni kweli, sikuuona mstari ule. Wala bamba letu halikujaribiwa kwa bomu hata moja, kwa hivyo siwezi kuapa kwamba lingemwachia mguu. Lakini neno lile sijapata kumwambia, na Ijumaa anakuja kula kwangu. Ungekuwa wewe, ungemwambia, au ungemwacha na rejeta yake?