Pikapu za Gitaa la Mama Bosibori

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika karakana mapema mno, nikakuta mlango umefungwa, nikazunguka soko la Kisii mara mbili nikijiuliza kama kufika mapema ni heshima au ni kiherehere. Nilikuwa nimehitimu shahada ya umeme miezi kadhaa kabla. Mwenye karakana, mfanyabiashara wa mjini ambaye kila mtu alimwita Mkurugenzi, alinipokea na kunikabidhi kwa Fundi Mkuu. Fundi Mkuu hakuwa na shahada. Alitazama vyeti vyangu, akaviweka mbali na moto wa pasi ya kulehemu, akasema, "Karibu, Injinia. Fagia."

Nilianzia kaunta, nikiandika kadi za wateja. Baadaye nikahamishiwa meza ya redio, kisha miezi minne kwenye kibanda chetu cha Nyansiongo, nikitengeneza spika na chaja siku za soko. Niliporudi Kisii nilipewa meza ya magitaa. Kwa wasioijua kazi hiyo, pikapu ni kile kisanduku kidogo kilicho chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Ndani yake mna sumaku na waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi ukitikisika, pikapu inausikia na kupeleka habari kwenye amplifaya. Ukibadilisha pikapu, umebadilisha sauti ya gitaa.

Mama Bosibori alitoka Gesima siku ya Jumatano na gitaa la marehemu mumewe, aliyepigia kwaya ya parokia yao hadi alipofariki. Mkononi alikuwa na pikapu mbili mpya ndani ya boksi.

"Toa za zamani, weka hizi," alisema. "Ijumaa nakuja kuchukua. Jumapili napiga mimi, mara ya kwanza."

Kwenye kadi kulikuwa na nafasi ya malalamiko. Sikumuuliza. Alipoondoka nilichomeka gitaa, nikasikia mvumo, nikaandika "mvumo". Kisha nikaanza kufikiri. Pikapu zile zilikuja na gitaa kutoka kiwandani, na kuna wapigaji ambao wangezililia. Je, mjane huyu akizitoa na kujuta? Je, kama hakuelewa anachoomba? Nilifungua gitaa, nikakuta waya wa ardhi umechomoka, ule unaomeza kelele. Niliulehemu, mvumo ukaisha. Pikapu za zamani nikaziacha mahali pake, na zile mpya nikazirudisha kwenye boksi. Usiku huo nililala vizuri, jambo lisilonitokea mara nyingi.

Ijumaa Mama Bosibori alikaa kwenye stuli, akapiga nyuzi tatu, akasimamisha mkono.

"Huyu bado ni yeye," alisema.

"Mama, mvumo umeisha," nikaeleza. "Pikapu zilikuwa nzima. Niliona ni heri—"

"Mimi nilikuja na mvumo? Nilikuja na pikapu!" Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mwanangu, miaka yote alipiga yeye, mimi nikaimba nyuma. Nikifanya mazoezi na hii kanisani, watu wanageuka kumtafuta mlangoni. Mimi hawanisikii. Jumapili nitapigaje?"

Fundi Mkuu aliisoma kadi yangu, kisha akanitazama. "Injinia, umetibu ugonjwa wako, wa mteja umeuacha. Washa pasi."

Nilitoa nyuzi za gitaa, nikachora mpangilio wa waya kwenye karatasi ingawa ulikuwa wa waya sita tu, nikapiga na picha mbili kwa simu. Pikapu za zamani zilitoka. Zile mpya zikakataa kuingia. Zilikuwa pana kidogo kuliko tundu. Nilishika patasi nikabaki nimeishika. Lehemu hurekebishika, lakini mbao ikishatoka hairudi.

"Unangoja nini?" aliuliza Mama Bosibori, kikombe cha chai mkononi.

"Nikikwangua, zile za zamani zitalegea humu daima."

"Kwangua. Huo mti ni wangu."

Nikakwangua. Nikalehemu waya, nikafunga skrubu, nikarudisha nyuzi, nikagonga kila pikapu taratibu kwa bisibisi na kusikia "tok" kwenye amplifaya, dalili kwamba iko hai. Lakini zilipowashwa pamoja, sauti ikawa nyembamba kama ya redio iliyomo ndani ya debe. "Zinavutana," alisema Fundi Mkuu bila kuinua kichwa. "Badilishana waya mbili za pikapu moja." Niligeuza, na sauti ikajaa.

Mama Bosibori alipiga wimbo mzima. Ilikuwa sauti kavu, angavu, isiyo na kivuli.

"Haina utamu wa ile," Fundi Mkuu alisema kwa ukweli wake.

"Haina," akajibu. "Itajifunza."

Desturi yetu ilikuwa kumrudishia mteja vipuri vilivyotolewa, aone kweli vimebadilishwa. Nilizifunga pikapu za zamani kwa gazeti. Alizipapasa, akazitia kifuani ndani ya leso, akaaga.

Fundi Mkuu amestaafu na kurudi kwenye migomba yake. Karakana imefungwa, nami nafundisha chuo cha ufundi, bado nikikagua mlango mara mbili kabla ya kulala. Wanafunzi huniuliza kazi ile ilinipa nini, maana mshahara haukuwa wa kusimulia. Huwaambia kuhusu Jumapili ile. Nilipanda hadi Gesima kwa sababu ya wasiwasi: labda lehemu imeachia, labda skrubu imelegea. Nilisimama nyuma kabisa, bisibisi mfukoni. Mama Bosibori alikaa mbele ya kwaya akapiga, akakosea mahali pamoja, akaendelea. Nilitazama migongo ya watu wote walionitangulia. Hakuna shingo hata moja iliyogeuka mlangoni.